Kinywele Kilichodharauliwa: Historia ya Antena ya Seli

Leo hatutazungumza juu ya malaria wala kuhara. Leo tunapiga hadithi ya kweli, historia ya kitu kidogo sana kilichomo mwilini mwako na mwilini mwa mtoto wako. Wataalamu walikiona, wakakidharau kwa muda wa karibu miaka mia moja, kisha wakagundua kwamba kitu hicho ndicho kinachoeleza maradhi ambayo akina mama wengi wamelaumiwa bure kwa sababu yake.

Hebu mfikirie mtoto huyu. Amezaliwa na kidole cha sita mkononi na kingine mguuni. Nyanya yake anasema ni baraka, jirani anasema ni mkosi. Mtoto anakua. Ananenepa kuliko ndugu zake, ingawa wote wanakula kutoka sufuria moja. Akifika miaka saba au minane, jua likitua anaanza kujikwaa kwenye viti na mawe ambayo wenzake wanayaona. Shuleni mwalimu anasema mtoto huyu ni mzito wa kushika masomo. Hapo watu wanaanza kunong'ona. Wengine wanasema mama alivunja mwiko akiwa mja mzito. Wengine wanasema ukoo wa mama una laana.

Je, kidole, unene, macho na masomo vina uhusiano gani? Kwa miaka mingi hata madaktari wakubwa hawakuweza kujibu swali hilo. Jibu limo katika hadithi yetu ya leo.

KINYWELE HIKI NI KITU GANI?

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Seli ni ndogo hata huwezi kuiona bila darubini. Juu ya seli nyingi za mwili husimama kinywele kimoja tu. Wataalamu hukiita silia ya msingi. Neno silia lina asili ya Kilatini, nalo maana yake ni kope.

Chukua milimita moja kwenye rula ya mtoto wako wa shule, kisha uigawe mara 1,000. Kinywele hiki mara nyingi hakizidi vipande vichache tu kati ya hivyo.

Kuna aina nyingine ya vinywele ambayo hupigapiga kama makasia ya mashua. Vinywele hivyo vimo kwa wingi kwenye njia za hewa, na kazi yake ni kusukuma makohozi na vumbi yatoke mapafuni. Hivyo vya kupiga makasia vilijulikana mapema. Katika miaka ya 1670, Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliviona kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe, akitazama viumbe vidogo wanaoishi majini.

Lakini kile kinywele kimoja, kilichosimama kimya bila kupiga kasia, kilichukua muda mrefu zaidi kutambuliwa. Mwaka 1898 mtaalamu Karl Wilhelm Zimmermann alikieleza katika seli za wanyama na za binadamu, zikiwemo seli za figo. Alikisia kwamba huenda kazi yake ni kuhisi mambo yanayotokea nje ya seli. Alikisia vizuri, ila hakuwa na njia ya kuthibitisha, na wengi hawakumfuata.

MIAKA YA KUDHARAULIWA

Katika miaka ya 1950 na 1960 ilikuja darubini ya elektroni, yenye uwezo mkubwa kuliko darubini za kawaida. Wataalamu walipokikata kinywele na kutazama ndani, waliona mirija midogo iliyopangwa jozi tisa kwa mviringo. Vinywele vinavyopiga makasia vina jozi hizo tisa, na katikati vina mirija mingine miwili. Kinywele chetu cha kimya hakikuwa na ile miwili ya katikati.

Mwaka 1962 na tena mwaka 1968, mtafiti Sergei Sorokin wa Marekani alieleza hatua kwa hatua jinsi seli inavyokijenga kinywele hiki. Yeye ndiye aliyekipa jina la silia ya msingi. Hata hivyo, wengi walisema hivi: kitu kisichosogea, tena kisicho na mirija ya katikati, kina faida gani? Wakakihesabu kuwa ni mabaki tu ya zamani, yasiyo na kazi. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

MWANI WA KIJANI NA PANYA MGONJWA

Jambo lililofungua macho ya wataalamu lilitoka mahali pasipotarajiwa. Kuna mmea mdogo wa seli moja, aina ya mwani wa kijani, unaoishi kwenye maji na udongo wenye unyevu. Jina lake ni Chlamydomonas. Huogelea kwa vinywele viwili vya mbele.

Mwaka 1993, katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, Keith Kozminski na mwalimu wake Joel Rosenbaum walikuwa wakitazama vinywele vya mwani huu kwa darubini. Wakaona ajabu. Ndani ya kinywele kulikuwa na mizigo midogo ikipanda hadi nchani na mingine ikishuka, bila kupumzika. Mama, piga picha ya mikokoteni katika barabara ya soko: inapanda na mawe na saruji, inashuka na mizigo mingine. Kinywele hakina karakana yake ndani. Kila kitu cha kukijenga hutoka ndani ya seli, na lazima kipelekwe kwa mikokoteni hiyo. Mikokoteni ikisimama, kinywele hakijengwi, na kilichopo hupungua.

Watafiti wakaanza kuitafuta mikokoteni hiyo moja baada ya nyingine na kuandika orodha yake. Mwaka 2000, Gregory Pazour na wenzake waligundua kwamba mmoja wa mikokoteni ya mwani unafanana na kitu kilichoharibika katika panya fulani wa maabara. Panya hao walikuwa wanajulikana tayari, kwa kuwa figo zao zilijaa vifuko vya maji na walikufa wakiwa wadogo. Watafiti wakazitazama seli za figo zao, wakakuta kwamba vinywele vyake ni vifupi kuliko kawaida.

Siku hiyo kinywele kilichodharauliwa kilipata heshima. Kitu walichokiita mabaki kilikuwa kimehusishwa na ugonjwa wa figo unaoua.

Ugonjwa wa figo zenye vifuko vya maji si mgeni kwa binadamu. Aina inayoonekana zaidi kwa watu wazima inakadiriwa kumpata takribani mtu 1 kati ya kila watu 1,000. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto wake ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuirithi. Vitu viwili vinavyoharibika mara nyingi katika ugonjwa huo, wataalamu walivikuta vikiwa vimekaa kwenye kinywele hicho hicho.

SELI HUKIJENGA NA KUKIBOMOA LINI?

Seli haikijengi kinywele chake ovyo. Ina utaratibu.

Ndani ya seli kuna vijiti viwili vinavyoitwa sentrioli. Kimoja ni cha zamani zaidi, na wataalamu hukiita sentrioli mama. Seli inapopumzika kutoka kugawanyika, sentrioli mama husogea hadi kwenye ngozi ya seli na kushikamana nayo. Kuna kifuniko kinachokaa nchani mwake kuzuia ujenzi usianze kabla ya wakati. Kifuniko hicho huondolewa, kisha mikokoteni huanza safari na kinywele huota juu yake. Ndiyo, mama: hata ndani ya seli, mama ndiye msingi wa jengo.

Seli inapotaka kugawanyika tena, inazihitaji sentrioli zake kwa kazi hiyo. Kwa hivyo kwanza hukibomoa kinywele. Ikimaliza kugawanyika na kutulia, hukijenga upya.

Chini ya kinywele pia kuna mlango. Si kila kitu kinachoruhusiwa kuingia. Walinzi wa mlango huo huchagua cha kupita na cha kubaki nje. Hapo ndipo tunapopata siri ya kinywele hiki: ni chumba kidogo maalumu ambamo seli hupokea habari kutoka nje.

Redio yako nyumbani ina antena. Ukiikunja au ikivunjika, kituo bado kinatangaza, betri bado zina nguvu, lakini wewe unasikia mikwaruzo tu. Kinywele hiki ndicho antena ya seli. Kikikosa kujengwa vizuri, habari inakuja lakini seli haiisikii.

KONDOO WA JICHO MOJA

Habari gani hiyo? Hapa turudi nyuma kidogo, hadi kwenye kisa cha wafugaji wa Idaho, jimbo la magharibi mwa Marekani.

Katika miaka ya 1950 wafugaji hao walishtuka kuona kondoo wao wakizaa wana-kondoo wenye jicho moja tu katikati ya uso. Watafiti wa serikali walikwenda kuchunguza. Baada ya kazi ya miaka kadhaa wakapata chanzo: mmea wa mwituni uliokuwa ukimea malishoni. Kondoo jike aliyeula karibu na siku ya 14 ya mimba ndiye aliyezaa mwana wa jicho moja. Mama kondoo mwenyewe alionekana mzima.

Kwa nini siku hiyo? Jibu lilipatikana baadaye sana, nalo lilianza na nzi wadogo wa matunda. Mwaka 1980 Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, wakifanya kazi Ujerumani, walieleza vitu vya urithi vinavyoupanga mwili wa buu la nzi. Kimoja, kikiharibika, hulifanya buu liwe na miba kila mahali kama mnyama kalunguyeye. Wakakipa jina la mnyama huyo kwa Kiingereza, Hedgehog. Mwaka 1995 walipata Tuzo ya Nobel.

Baadaye ikajulikana kwamba hata binadamu ana ishara hiyo ya kalunguyeye. Ndiyo inayosaidia uso kuwa na pande mbili na macho mawili. Ndiyo inayosaidia kuamua mkono uwe na vidole vingapi, navyo viwe katika mpangilio gani. Mwaka 1998 watafiti walionyesha kwamba sumu ya ule mmea wa Idaho huizuia ishara hiyo.

Kisha vipande vya hadithi vikaungana. Mwaka 2003 maabara ya Kathryn Anderson huko New York ilionyesha kwamba panya wachanga tumboni wasio na mikokoteni ya kujenga kinywele hawawezi kuisikia ishara ya kalunguyeye. Mwaka 2005 na mwaka 2007 watafiti wengine wa Marekani walionyesha jinsi mambo yanavyokwenda. Kwenye kinywele hukaa bawabu aitwaye Patched. Bawabu akiwapo, mjumbe aitwaye Smoothened haruhusiwi kukaa humo. Ishara ikifika, bawabu huondoka, mjumbe huingia, na habari hupelekwa ndani ya seli. Bila kinywele, mjumbe hana pa kuingia.

Mama, angalia wakati wenyewe. Mikono na uso wa mtoto huumbika katika miezi miwili ya kwanza ya mimba. Wengi wetu wakati huo hata kliniki hatujaanza, na wengine hatujajua kama tuna mimba. Mmea wa Idaho haukuwa wa Kenya, lakini funzo lake ni letu pia: usinywe miti shamba wala vidonge usivyovijua ukiwa mja mzito, au ukidhani huenda una mimba. Muulize muuguzi kwanza.

FAMILIA YA LONDON NA JIBU LA MIAKA 137

Sasa turudi kwa yule mtoto wetu wa vidole sita.

Mwaka 1866, madaktari wawili wa macho mjini London, John Zachariah Laurence na Robert Moon, waliandika juu ya ndugu wanne wa familia moja waliokuwa na macho mabovu pamoja na matatizo mengine ya ukuaji. Mwaka 1920 Mfaransa Georges Bardet alieleza mkusanyiko wa unene, vidole vya ziada na ugonjwa wa macho. Mwaka 1922 Artur Biedl wa Prague naye akaeleza wagonjwa kama hao, akaongeza suala la uzito wa akili. Ugonjwa ukaitwa Bardet-Biedl.

Jina lilipatikana, lakini sababu haikujulikana. Ilikuwa mwaka 2003, miaka 137 baada ya ile familia ya London, ndipo watafiti walipogundua kwamba kasoro ya ugonjwa huo iko kwenye kinywele na kwenye shina lake.

Mara moja kila kitu kikaeleweka. Kidole cha ziada kinatokana na seli za mkono kutoisikia vizuri ishara ya kuumba vidole. Seli za jicho zinazopokea mwanga hufanya kazi yake ndani ya kinywele kilichogeuzwa kuwa chombo cha kuona, na hicho kikiharibika, kuona gizani hupotea kwanza. Unene unatokana na seli za ubongo zinazotumia kinywele kupokea habari kwamba tumbo limeshiba. Figo nazo zina vinywele vyake. Kumbe si magonjwa manne. Ni ugonjwa mmoja wa antena.

Na mtoto yule hakuwa mlafi. Ubongo wake haukuwa ukipata habari ya shibe.

Ugonjwa huu ni nadra. Mtoto huupata akirithi kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, wote wawili. Wazazi wenyewe kwa kawaida ni wazima na hawajui lolote. Katika kila mimba yao, nafasi ya kupata mtoto mgonjwa ni 1 kati ya 4. Pale ambapo watu wengi wana babu mmoja au jamaa wa karibu huoana, ugonjwa huonekana zaidi. Katika kisiwa cha Newfoundland, Kanada, umekadiriwa kumpata takribani mtu 1 kati ya 18,000, na kati ya Wabedui wa Kuwait takribani 1 kati ya 13,500. Kaskazini mwa Ulaya ni kama 1 kati ya 160,000.

Kwa hivyo, baba, na wewe mama mkwe mnaosoma hapa: hakuna mwiko uliovunjwa. Hakuna laana. Na ikiwa ni urithi, basi umetoka pande zote mbili za nyumba.

UFANYE NINI, MAMA?

Kwanza, usiogope kila kidole cha sita. Kwetu Afrika watoto wengi huzaliwa na kidole kidogo cha ziada pembeni mwa mkono, na kwa kawaida ni wazima kabisa. Usikifunge uzi nyumbani wala kukikata. Mwonyeshe muuguzi.

Pili, unganisha dalili. Kidole cha ziada, pamoja na unene ulioanza akiwa mdogo, pamoja na kutoona jioni, ni jambo la kumpeleka mtoto kwa daktari. Mweleze yote kwa pamoja, hata kama umeenda kwa sababu ya moja tu. Daktari wa macho asipoambiwa juu ya kidole kilichokatwa zamani, atajuaje?

Tatu, mtoto asiyeona vizuri magharibi asisubiri. Mara nyingi chanzo huwa ni upungufu wa vitamini A, ambao hutibika. Hakikisha mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 anapata vitamini A kliniki kila baada ya miezi sita, na umpe mboga za kijani, maembe, mapapai na viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Hata hivyo, apimwe macho ili chanzo kijulikane.

Nne, chunga figo. Mtoto anayevimba uso asubuhi, anayekojoa damu, au anayekunywa maji mengi mno na kukojoa mno apelekwe hospitali. Ikiwa katika ukoo wenu kuna watu walioambiwa wana vifuko vya maji kwenye figo, watu wazima wapimwe presha mara kwa mara. Kudhibiti presha huzilinda figo. Usimpe mgonjwa wa figo dawa za maumivu za dukani bila kumwuliza daktari.

Tano, mtoto mwenye ugonjwa wa Bardet-Biedl ana maisha ya kuishi. Hakuna dawa ya kuuondoa kabisa, ingawa mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo setmelanotide ya kupunguza unene wake. Lakini mengi yanafanyika hata bila dawa ya bei ghali: chakula kilichopimwa, mazoezi, kupimwa figo na presha, kuketi mbele darasani, na kufundishwa mapema njia za kujitegemea macho yakipungua nguvu. Mwambie mwalimu ukweli. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na malezi ya mtoto huyu ni ya nyumba nzima.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Seli nyingi za mwili zina kinywele kimoja kinachopokea habari kama antena.
2. Seli hukijenga ikipumzika na kukibomoa ikitaka kugawanyika.
3. Kinywele kikiwa na kasoro, figo, macho, vidole na uzito vinaweza kuathirika pamoja.
4. Kasoro hizi hurithiwa. Si kosa la mama, si uchawi.
5. Dalili mbili au tatu zikikutana kwa mtoto mmoja, mwone daktari na umweleze zote.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

Katika kijiji chenu, watu husema nini juu ya mtoto aliyezaliwa na kidole cha ziada? Mama wa mtoto kama huyo anahitaji nini kutoka kwa majirani zake wiki ya kwanza?

Kinywele hiki kilingoja karibu miaka mia moja kupata wa kukisikiliza. Mtoto wako asingoje hivyo. Ukiona jambo, liseme.